Ukirudi kwa Ngai, Usirudi Peke Yako

Kandokando ya barabara kuu ya Thika, kuanzia Ruiru hadi Makongeni, wapo watu waliobatizwa na kulelewa kanisani ambao leo wanataka kumwomba Ngai, Mungu wa Wagikuyu, wakiwa wameelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kama walivyofanya mababu zao. Kwa hesabu si wengi. Sensa ya 2019 iliwapata Wakenya 318,727 waliojitaja kuwa wafuasi wa dini za jadi, katika taifa la watu zaidi ya milioni 47; hata mmoja kwa kila mia hawafiki. Baadhi yao wamesukumwa na historia, kwamba ukoloni uliwanyang'anya ardhi na Mungu wao kwa pamoja. Wengine wana sababu iliyo karibu zaidi na moyo: wamechoka, hawana raha, na wanatumaini kwamba njia ya wazee itawatuliza. Makala haya yanawahusu hao wa pili. Je, kufuata dini ya asili kutamwongezea mtu furaha na afya ya moyo? Jibu langu ni kwamba kwaweza, na sababu za kuamini hivyo zipo. Ila faida hiyo haitokani na ukale wa dini. Inatokana na watu utakaoabudu nao, ardhi utakayoikanyaga na hofu utakayoondolewa. Anayeiingia njia hii peke yake, chumbani, simu mkononi, anaweza kujikuta mpweke kuliko alivyokuwa.

Tuanze na dini yenyewe ilivyokuwa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka 1938, alieleza kwamba kwa imani ya Wagikuyu Ngai hasumbuliwi ovyo. Haikuwa desturi ya mtu mmoja kumwendea na haja zake za kila siku. Familia ndiyo iliyomwita, tena katika nyakati kuu za maisha: mtoto anapozaliwa, anapotahiriwa, anapooa au kuolewa, na mtu anapokufa. Mvua ikikatika, wazee walimpeleka mwanakondoo wa rangi moja chini ya mugumo, mti wao mtakatifu, wakifuatana na watoto wadogo na wanawake waliopita umri wa kuzaa, na vibuyu vya maziwa na vya pombe ya asali vikibebwa mbele. Mzee mmoja alitamka dua, na wote wakaitikia, "Thaai, thathaiya Ngai, thaai." Hakukuwa na ubatizo wala fomu ya kujiunga. Mtu alizaliwa ndani ya dini kama alivyozaliwa ndani ya mbari, yaani ukoo, na rika lake likamfuata hadi uzeeni. Hata simulizi maarufu zaidi ya Thika, ile ya mugumo ambao Mugo wa Kibiru anasemekana alitabiri kuwa ukianguka utawala wa mzungu utakwisha, ni ya watu wote kwa pamoja. Mti huo ulianguka 1963, mwaka wa uhuru, na waliousimulia waliona humo hatima ya taifa zima. Dini hii haikubuniwa ili mtu mmoja apate amani yake binafsi. Amani hiyo ilikuja yenyewe, kwa kuwa mtu hakuachwa peke yake katika jambo lolote zito.

Utafiti wa siku hizi unaunga mkono mpangilio huo wa wazee kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 2010 wanasosholojia Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha uchunguzi wao kuhusu dini na kuridhika na maisha nchini Marekani. Waligundua kwamba wanaohudhuria ibada mara kwa mara huridhika zaidi, lakini walipotafuta sababu, uzito ukaangukia marafiki. Aliyehudhuria kila wiki bila kuwa na rafiki humo ndani hakumshinda kwa furaha yule asiyehudhuria kabisa, na mambo ya faraghani, kama vile sala ya mtu peke yake, yenyewe hayakuonyesha nguvu ya kutosha. Mwaka huohuo Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wapweke kwa takriban asilimia 50. Msomaji anaweza kupinga kwamba wengi wa waliochunguzwa na Lim na Putnam ni Wakristo wa Marekani, si watu wa chini ya mugumo. Ni kweli. Lakini kama kinachofanya kazi ni watu wanaokujua na kukusanyika nawe kwa jambo mnaloliheshimu, hakuna sababu ya kudhani kwamba kitafanya kazi chini ya bati la kanisa na kushindwa chini ya mti.

Hapo ndipo Ruiru na Thika zinapoleta shida. Katika sensa ya 2019 Ruiru ilikuwa na watu 490,120, wengi kuliko Eldoret, na Thika 251,407. Palipokuwa na mashamba ya kahawa leo pana maghorofa ya kupangisha. Mpangaji hutoka kabla ya jua kuchomoza kuwahi matatu ya Nairobi, akarudi usiku. Jirani anamjua kwa sauti ya kufuli lake. Ardhi ya mbari iko Murang'a au Nyeri, na pengine iliuzwa zamani. Mwenye ploti hataki kuku kwenye veranda, sembuse mbuzi wa dhabihu. Kwa hiyo anayeamua kuifuata dini ya asili katika mazingira haya huikosa ile nguzo iliyoibeba dini yenyewe, yaani ukoo uliokaa pamoja. Kinachobaki mkononi mwake ni video, shanga, kibuyu na hasira dhidi ya wamishonari. Hivyo vyote vinaweza kumpa mtu msisimko wa mwezi mmoja au miwili. Havimpikii uji akiugua.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutafuta watu kabla ya kutafuta vifaa, na kuanza na watu wa kwenu. Kama shosho au guka, bibi au babu yako, yu hai, mwendee. Muulize umepewa jina la nani, huyo wa kwanza alikuwa mtu wa namna gani, alizikwa wapi, mbari yenu ilihamia hapo kutoka wapi. Wagikuyu huwaita watoto majina ya babu na bibi zao ili kizazi kirudi, kwa hiyo jina lako ni mlango ulio tayari wazi, na kuuingia hakugharimu hata shilingi. Baada ya hapo ndipo utafute kikundi, na ukikipata, hudhuria kwa muda kabla ya kuahidi lolote. Angalia kama wanatembeleana. Angalia kama aliyefiwa wiki iliyopita amepigiwa simu wiki hii. Jiulize swali moja: nikilala kitandani siku tatu, ni nani kati ya hawa atabisha mlango wangu? Kama hayupo, hapo umepata hadhira tu, jamaa bado. Mwanamke atazame kwa makini zaidi, maana kiama ni baraza la wanaume, na kikundi kisichomwachia mwanamke nafasi ila jikoni hakitampa utulivu alioufuata. Na kwa kuwa Thika ni mji wa makabila mengi, Mkamba wa Makongeni au Mluhya wa Ruiru asidhani kwamba njia ya asili ni ya Kirinyaga pekee. Mkamba ana ithembo la kwao, yaani mahali pa ibada, na wazee wake bado wanalijua.

Ushauri wa pili ni kutoka nje. Dini hii ni ya mlima, mto na mti. Ukiifungia ndani ya kuta nne unaipunguza nusu. Asubuhi ya anga safi Kirinyaga huonekana kutoka Thika, na kusimama dakika chache ukiutazama kabla ya kelele za siku ni ibada isiyohitaji kiingilio. Upande wa mashariki uko Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk, wenye urefu wa mita 2,145, ambao Wagikuyu waliuhesabu miongoni mwa makao ya Ngai na kuuita Kia Njahi. Kikundi kikiupanda pamoja mara moja kwa miezi kadhaa, kitakuwa kimefanya mazoezi, kimezungumza njia nzima na kimeabudu, vyote kwa siku moja. Uchunguzi wa Mathew White na wenzake, uliochapishwa 2019 na kuhusisha watu takriban 20,000 wa Uingereza, ulionyesha kwamba wanaokaa katika maeneo ya asili dakika 120 au zaidi kwa wiki huelekea kuwa na afya na hali njema kuliko wasiokaa kabisa. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya, maana wenye afya pia hupenda kutembea. Lakini hasara ya kujaribu haipo. Na mwenye kuupenda mugumo apande mche wake, penye uwanja mpana au karibu na mto wala si kando ya msingi wa nyumba, kwani mizizi yake haina adabu. Wamijikenda wa pwani walizitunza kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, kwa miiko hadi UNESCO ikaziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2008. Msitu uliwapa mahali pa kukutania, nao kukutana kukawapa sababu ya kuulinda msitu.

Atainuka mtu aulize: kama siri ni marafiki na kutembea, kwa nini nisijiunge na chama cha akiba au timu ya mpira ya mtaa? Swali ni la haki, na kwa mtu asiye na kiu ya mambo ya roho jibu ni kwamba chama au timu yatosha. Lakini katika uchunguzi wa Lim na Putnam urafiki ulizaa zaidi pale mtu alipoihesabu dini kuwa sehemu muhimu ya nafsi yake. Timu itachanga pesa za jeneza. Haitakuambia aliyekufa amekwenda wapi, wala wewe uliyebaki una deni gani kwake. Dini ya asili ina jibu zuri hapa: aliyekufa hajatoweka, bado ni wa nyumba hii, jina lake litaitwa tena. Mtu aliyefiwa na mama akiwa mbali na kwao anaweza kupata humo faraja ambayo chama hakiwezi kumpa. Nakubali, basi, kwamba imani ina uzito wake. Ninachokana ni kwamba inaweza kusimama bila watu.

Imani hiyohiyo, hata hivyo, inaweza kumgeukia mtu. Pamoja na amani ya thaai, wazee walirithisha pia thahu, yaani unajisi unaoleta ugonjwa na mikosi mpaka utakaswe, na kirumi, laana ya mzazi. Zamani kila thahu ilikuwa na dawa yake inayojulikana, na mundu mugo, mganga wa jadi, alikuwa mtu wa kijiji aliyewajibika kwa jirani zake. Leo, mjini, mtu anaweza kuambiwa na asiyemjua kwamba hana kazi kwa sababu babu yake alikosea jambo miaka 80 iliyopita. Hofu ya namna hiyo si jambo dogo. Mwaka wa 2001 Kenneth Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa karibu 600 wa Marekani wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Waliojiona wameachwa na Mungu, au walioamini kwamba ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya hali ya miili yao kuzingatiwa. Shetani wa Mmarekani na laana ya Mgikuyu hufanya kazi moja ndani ya moyo wa mgonjwa. Kwa hiyo shika kipimo hiki: kila ukitoka kwenye ibada, je, una mzigo mwepesi au mzito kuliko ulioingia nao? Njia inayokugundulia laana mpya kila mwezi haiwezi kukufurahisha.

Pesa na viongozi nao wachunguzwe. Kupanda ngazi za kiama hulipiwa mbuzi, na hilo ni desturi ya zamani isiyo na ubaya kwa mwenye boma na zizi. Kwa mpangaji, mbuzi mmoja mkubwa anaweza kuzidi kodi ya mwezi ya chumba anacholala. Usikope ili utawazwe. Mzee wa kweli husubiri, kwa sababu heshima haina tarehe ya mwisho. Na kiongozi akianza kukutenga na jamaa zako, kukuamuru uache kazi au kuwatisha wanaoondoka, ondoka mapema. Mungiki ilianza katika miaka ya 1980 kama wito wa kurudi kwa mila za Wagikuyu. Kufikia 2002 serikali ilikuwa imeipiga marufuku, na jina lake likabaki katika vinywa vya watu likihusishwa na ada za lazima kwenye matatu na umwagaji damu. Wapo wanaotumia historia hiyo kusema kwamba kila anayemwomba Ngai ni Mungiki. Hilo ni kosa. Katika msitu wa Shakahola, mwaka wa 2023, kulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mahubiri ya Kikristo ya kujinyima chakula, na hakuna mwenye akili anayewahukumu Wakristo wote kwa hilo. Hatari iko kwa kiongozi asiyeulizwa maswali, na huyo anaweza kushika Biblia au usinga.

Mahali ambapo sikubali mjadala ni hospitali. Mwaka wa 2020 jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Huzuni isiyoondoka kwa wiki kadhaa, kukosa usingizi, kutamani kufa: hayo si thahu ya kungojea kondoo. Nenda Thika Level 5 au kituo cha afya kilicho karibu, na usiache dawa kwa sababu umeanza kuomba. Dini na tiba hazina ugomvi wa lazima. Huko Makueni watafiti wa afya ya akili wamefanya kazi pamoja na waganga wa jadi na wahubiri, wakiwafundisha kutambua wagonjwa na kuwaelekeza kwa madaktari. Mganga anayesema "nenda hospitali, kisha urudi tuombe" ni mtu wa kuaminiwa. Anayesema uchague moja anakutafutia balaa.

Baki na familia yako. Utafiti wa Olga Stavrova na wenzake, wa 2013, ulionyesha kwamba dini huongeza furaha hasa pale jamii inapoithamini. Mwenye imani huvuna pia heshima ya majirani. Hapa Kenya, ambako zaidi ya wanane kwa kila kumi ni Wakristo, anayegeuka hupoteza sehemu ya heshima hiyo. Ataitwa mpagani, mama yake atalia, na viongozi wa kanisa la PCEA wamewaonya waumini hadharani kuhusu viama. Katiba iko upande wake: kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Lakini katiba haikai kwenye kamati ya mazishi. Kanisani ndiko wengi wetu hupata kwaya, hema, viti na watu wa kulala matangani, na anayeondoka kwa matusi hugundua thamani ya hivyo siku ya msiba. Ondoka kwa adabu. Nenda harusi zao, toa mchango wako, inama wanapoomba. Mwambie mwenzi wako mapema, kabla hajasikia kwa jirani. Na usiwalazimishe watoto. Kifungu cha 44 kinakataza kumshurutisha mtu kutenda au kutendewa desturi yoyote, na ukeketaji wa msichana ni uhalifu kwa sheria ya 2011, hata ukipambwa kwa maneno matamu kuhusu mila.

Mwisho nimjibu muumini mwenye msimamo, atakayesema kwamba yeye hakumrudia Ngai ili afurahi. Amerudi kwa sababu ni ukweli, ni haki ya wazee wake, na furaha ni hesabu ya wanaouza sabuni. Namheshimu, na pengine yuko karibu zaidi na roho ya dini hiyo kuliko anayeitafuta kama dawa ya msongo. Hata hivyo, naye asiwauzie vijana wa Ruiru ahadi kwamba wakivua rozari na kuvaa shanga matatizo yao yatakwisha. Kodi itabaki kodi. Wazee wenyewe walisema kamuingi koyaga ndiri, wengi ndio hunyanyua kinu. Kwa hiyo, msomaji, kama moyo wako unaelekea Kirinyaga, usianze kwa kununua kitu. Jumamosi hii panda matatu uende kwa shosho, kaa naye, umsikilize. Akikuuliza unataka nini, mwambie unataka kuwajua watu wako. Ukishawajua, wao ndio watakaokuambia kama njia hiyo inakufaa.